Barafu Haina Dadu

Walinipa nusu ya darasa,
nusu ya pili akapewa Taavetti wa muziki,
na mkuu wa chuo akasema: gawaneni.
Mimi mwalimu wa takwimu, mwaka wa kumi na tisa huu,
sijawahi kugawana hata chaki.

Kajaani, mwezi wa pili. Jua huja kama mgeni
asiyevua koti.
Wanafunzi kumi na wawili walivua viatu mlangoni
wakaketi kila fani kwenye kona yake:
watu wa programu karibu na soketi za umeme,
wachoraji dirishani,
wanamuziki wakipiga meza kwa vidole,
na Hilja peke yake, wa uhandisi wa barabara,
aliyejiandikisha kwa sababu Jumatano zake zilikuwa tupu.
Tukawachanganya kama njugu na choroko.

Wiki za mwanzo tulikataza kompyuta.
Karatasi, mkasi, vifungo vya makoti, dadu moja.
Kundi la Hilja lilichora ziwa:
upande huu nyumba, upande ule duka la dawa,
katikati barabara ya barafu, na majira yanageuka.
Vuka, au zunguka kilomita arobaini.
Pyry akatupa dadu. "Ukipata moja, unazama."
Nikafurahi; moja katika sita
ndiyo lugha niliyonyonya.

Hilja akakiweka kifungo chake chini.
"Barafu haina dadu," akasema.
"Baba yangu huitoboa kila asubuhi kabla ya kufungua njia.
Haimzamishi mtu kwa bahati. Kwanza husema."

Ukafuata ugomvi, ugomvi hasa, wa wiki tatu.
Pyry: mchezo usio na bahati ni mtihani.
Saimi alikwisha chora nyufa mia na nne, nyembamba kama lesi,
na hakutaka hata moja iguswe.
Nikamvuta Taavetti kando: tuwaamulie?
Akanimiminia kahawa. "Kwani wewe unalijua jibu?"
Sikulijua. Nikanywa kahawa.

Ijumaa moja Kerkko, ambaye hadi hapo
alikuwa ametamka labda maneno tisa,
alishusha maikrofoni ziwani, katika tundu
lililotobolewa na baba yake Hilja.
Akarudi pua nyekundu, akatuwekea tusikilize.
Nimeishi kando ya ziwa hilo tangu utotoni, na sikuwa nimejua:
mlio kama waya uliokatika juu, mbali,
kisha mguno wa tumbo la ng'ombe,
kisha, pale barafu inapochoka,
karibu hakuna kitu. Mchakacho.
Chumvi ikimwagika kwenye sahani.

Pyry aliifuta dadu mwenyewe.
Hakumwambia mtu; asubuhi niliona
mistari mia mbili ya msimbo haipo.
Saimi alilia kidogo, akafunika nyufa zake kwa theluji,
theluji tu, nyeupe skrini nzima,
na ndiyo picha yake bora, ingawa hajakubali.

Siku ya majaribio tulimwita Aune, mpishi wa kantini.
Akavaa spika za masikioni juu ya kofia yake ya kazi,
akatembea hatua nne, akasimama.
Hakubonyeza kitu. Dakika nzima.
Pyry akanong'ona, "Imekwama,"
akanyoosha mkono aianze upya.
Hilja akaushika ule mkono.
Aune alikuwa anasikiliza.

Kisha akageuka, akazunguka kilomita arobaini,
akalikuta duka la dawa limefungwa,
akatukana tusi ambalo sitaliandika hapa
na kuomba aanze tena.

Sasa kuna suala la alama.
Taavetti anataka wote wanne wapewe sawa.
Mimi nimetengeneza jedwali: safu ya programu, ya picha,
ya sauti, ya kanuni za mchezo,
na kila nikiifikia dakika ile ya Aune
sijui niiandike chini ya jina la nani.
Jedwali liko wazi mezani. Maji yanadondoka paani.
Hilja amepita mlangoni kuniambia
barabara ya ziwani inafungwa Alhamisi.